Kuwapanga wanasaikolojia kwa idadi ya marejeleo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inapotoka orodha mpya ya "watafiti wanaoongoza duniani", vyuo hutangaza majina ya watu wao na maswali yaleyale huibuka tena. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, wahadhiri na wajumbe wa kamati za ajira wanaoletewa namba hizi bila kuelezwa zilikotoka. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: idadi ya marejeleo huonyesha kazi ipi imetumiwa na watafiti wengine. Ukiitumia kupanga watu kwa ngazi, nani wa kwanza na nani wa hamsini, unaibebesha mzigo isioumudu.

Rejeleo ni nini, na nani anayahesabu?

Mtafiti akiandika makala, mwishoni huorodhesha kazi alizozitumia. Kila kazi iliyomo kwenye orodha hiyo imepata rejeleo moja. Ukikusanya orodha za makala zote za majarida fulani na kuzigeuza, unapata picha ya nani katajwa na nani, na mara ngapi.

Wazo hilo lilielezwa na Eugene Garfield katika jarida la Science mwaka 1955, na katika miaka ya 1960 taasisi yake iliyokuwa Philadelphia ikaanza kuchapisha faharasa ya marejeleo ya sayansi. Inafaa kukumbuka alichokuwa anakitafuta. Alitaka msomaji aweze kufuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine, na hasa aweze kujua kama makala anayotaka kuitegemea imekwisha kukosolewa na wengine. Kilikuwa chombo cha kutafutia na kuhakiki kazi. Kupima watu kulikuja baadaye.

Leo wahesabuji wakubwa ni watatu: Web of Science ya kampuni ya Clarivate, ambayo ndiyo mrithi wa kazi ya Garfield, Scopus ya Elsevier, na Google Scholar. Hizi mbili za mwisho zilianza mwaka 2004.

Mbona mtu mmoja ana namba tatu tofauti?

Kwa sababu kila kanzidata ina eneo lake la kuhesabu. Web of Science na Scopus huchagua majarida ya kuyaingiza. Google Scholar hukusanya karibu kila inachokikuta kwenye intaneti chenye sura ya kazi ya kitaaluma: tasnifu, ripoti, vitabu, makala ambazo bado hazijahakikiwa. Kwa hiyo namba za Google Scholar karibu kila mara huwa kubwa zaidi.

Kwenye saikolojia tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu taaluma hii inategemea pia vitabu. Mtafiti wa maendeleo ya mtoto ambaye kazi yake kuu ni kitabu anaweza kuonekana mdogo mahali pamoja na mkubwa mahali pengine, siku ileile. Basi usilinganishe namba ya mmoja kutoka Scopus na ya mwingine kutoka Google Scholar. Nimeona fomu za maombi zinazouliza "idadi ya marejeleo" bila kusema kutoka wapi. Jibu la swali kama hilo halimsaidii mtu yeyote.

Kipimo cha h hukokotolewaje?

Kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi kushuka chini. Shuka hadi makala ya mwisho ambayo nafasi yake bado haijazidi idadi ya marejeleo yake; namba ya nafasi hiyo ndiyo h.

Tuseme mtafiti ana makala tano zilizorejelewa mara 40, 22, 9, 4 na 1. Makala ya nne ina marejeleo 4, kwa hiyo inapita. Ya tano ina 1 tu, haipiti. Kipimo chake cha h ni 4.

Sasa tazama kinachopotea. Ile ya kwanza ingekuwa imerejelewa mara 4,000 badala ya 40, h ingebaki 4. Mwanasaikolojia aliyeandika makala tatu zilizobadilisha taaluma nzima ana h ya 3 milele, huku mwenye makala 20 za kawaida, kila moja ikiwa imerejelewa mara 20, ana h ya 20. Tena kipimo hiki hakishuki hata mtu akiacha utafiti kabisa, maana makala za zamani huendelea kukusanya marejeleo. Kinampendelea aliyeanza zamani. Kumlinganisha mwenye miaka 6 kazini na mwenye miaka 35 kwa h ni kulinganisha umri wao.

Orodha maarufu za wanasaikolojia mashuhuri zilitengenezwa kwa marejeleo peke yake?

Hapana, na hapa ndipo somo lenyewe lilipo.

Orodha inayotajwa zaidi ni ile ya wanasaikolojia 100 mashuhuri wa karne ya 20, iliyochapishwa na Haggbloom na wenzake mwaka 2002 katika Review of General Psychology. Walichanganya vitu sita: marejeleo kwenye majarida, kutajwa kwenye vitabu vya kufundishia saikolojia ya utangulizi, maoni ya wanasaikolojia walioulizwa, uanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, tuzo kubwa au urais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, na kama jina la mtu limegeuka kuwa jina la kitu katika taaluma. Wa kwanza akawa B. F. Skinner, wa pili Jean Piaget, wa tatu Sigmund Freud, wa nne Albert Bandura.

Lakini fungua jedwali lao la marejeleo ya majarida peke yake. Huko wa kwanza ni Freud, wa pili Piaget, wa tatu Hans Eysenck, na wa nne ni B. J. Winer, ambaye wasomaji wengi hawajawahi kumsikia. Winer aliandika kitabu cha takwimu za majaribio, na kila aliyefanya uchanganuzi wa aina fulani alimtaja. Skinner mwenyewe, kinara wa orodha nzima, yuko nafasi ya nane.

Mwaka 2014 Ed Diener na wenzake walitoa orodha nyingine ya wanasaikolojia 200 wa zama za karibu, wakitumia tuzo, nafasi waliyopewa kwenye vitabu vya kufundishia, na marejeleo. Bandura akawa wa kwanza, Piaget wa pili, Daniel Kahneman wa tatu. Waandishi wenyewe waliita orodha yao isiyokamilika, jambo ambalo ningependa watengenezaji wengine wa orodha waliige.

Kwa nini makala zinazoongoza kwa marejeleo mara nyingi hazina ugunduzi wowote kuhusu akili?

Kwa sababu zinarejelewa kama zana. Makala ya Baron na Kenny ya mwaka 1986, inayoeleza jinsi ya kuchanganua kigeu kinachopitisha athari na kigeu kinachoibadilisha, imerejelewa zaidi ya mara laki moja. Ya Braun na Clarke ya mwaka 2006, kuhusu uchanganuzi wa maudhui ya mahojiano, nayo imevuka laki moja. Makala ya Lee Cronbach ya mwaka 1951 juu ya kupima uthabiti wa hojaji iko kundi hilohilo, na vilevile hojaji ya sonona ambayo Aaron Beck na wenzake waliichapisha mwaka 1961.

Mtafiti anayetumia hojaji ya Beck kwa wagonjwa wa moyo, kwa wanafunzi au kwa wazazi wapya, lazima aitaje. Hajadili nadharia ya Beck. Anasema tu alipimia nini. Rejeleo hilo linahesabiwa sawasawa na la mtu aliyesoma kazi ya mwenzake kwa mwezi mzima na kubadilisha mwelekeo wa utafiti wake.

Sidharau zana. Bila hojaji nzuri saikolojia isingekuwa na cha kupima, na waliozitengeneza wanastahili heshima yao yote. Nasema tu kwamba namba inaweka pamoja vitu viwili ambavyo msomaji makini angevitenganisha mara moja.

Kurejelewa sana si ushahidi kwamba matokeo ni ya kweli?

La, si ushahidi. Na saikolojia ina ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili kuliko taaluma nyingi.

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha katika Science matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizotoka katika majarida matatu yanayoheshimika ya saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizopata matokeo ya namna hiyo. Mwaka uliofuata maabara 23 zilijaribu kurudia athari maarufu inayodai kwamba nguvu ya kujizuia huchoka ikitumika. Wastani wa athari waliyoipata ulikuwa karibu na sifuri. Makala ya awali ya mwaka 1998 ilikuwa imekwisha kurejelewa mara maelfu.

Kilichonisumbua zaidi ni utafiti wa Marta Serra-Garcia na Uri Gneezy wa mwaka 2021. Walikuta kwamba makala ambazo matokeo yake hayakupatikana tena tafiti ziliporudiwa ndizo zilizorejelewa zaidi kuliko zile ambazo matokeo yake yalipatikana tena. Hata baada ya kushindwa huko kuchapishwa, asilimia 12 tu ya marejeleo mapya yalikiri kwamba matokeo yalishindwa. Wengine wote waliendelea kutaja makala kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndilo tatizo ambalo Garfield alitaka faharasa yake isaidie kuliondoa.

Kisha kuna Eysenck. Alipofariki mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa wanasaikolojia waliorejelewa zaidi duniani. Mwaka 2019 uchunguzi wa King's College London, alikofanyia kazi, uliona kwamba machapisho 26 aliyoandika na Ronald Grossarth-Maticek, kuhusu haiba na magonjwa kama saratani, si salama kutegemewa. Madai yale yalikuwa yanagusa watu wagonjwa, na kwa miaka mingi kila rejeleo, hata la mkosoaji, lilizidi kumwinua kwenye orodha.

Hesabu haijui kama umetajwa kwa kusifiwa au kwa kupingwa.

Matawi tofauti ya saikolojia yanaweza kulinganishwa?

Si kwa namba ghafi. Anayechunguza ubongo kwa picha za skana huchapisha katika eneo lenye watafiti wengi, timu kubwa na orodha ndefu za marejeo. Anayeandika historia ya saikolojia au saikolojia ya hisabati ana wasomaji wachache, na makala yake huchukua miaka kabla ya kuanza kutajwa. Kumweka wa pili chini ya wa kwanza ni kumwadhibu kwa ukubwa wa tawi lake.

Ndiyo maana kuna vipimo vilivyosawazishwa: marejeleo ya makala hulinganishwa na wastani wa makala za eneo lile, mwaka ule na aina ileile. Thamani ya 1 ni wastani wa dunia. 2 ni mara mbili yake. Hilo ni bora zaidi, lakini bado inategemea nani kachora mipaka ya maeneo. Clarivate, kwa mfano, katika orodha yake ya watafiti waliorejelewa zaidi huweka saikolojia na tiba ya magonjwa ya akili katika kundi moja. Mwanasaikolojia wa jamii anajikuta akishindana na madaktari wanaofanya majaribio makubwa ya dawa.

Namba hizi zinaweza kuchezewa?

Kwa urahisi unaotisha. Watafiti wa Granada, Uhispania, waliwahi kutunga mwandishi asiyekuwepo, Marco Alberto Pantani-Contador, wakamwandikia nyaraka sita za uongo na kuzipandisha kwenye tovuti ya chuo. Kila moja ilirejelea makala 129, zote za kikundi chao. Google Scholar ikazihesabu: marejeleo mapya 774 bila utafiti wowote kufanyika. Walitangaza walichofanya ili kuonya wengine, na wakachapisha maelezo yake.

Njia za kila siku ni za kimyakimya zaidi. Mtu hujirejelea kupita kiasi. Mhakiki wa makala humshinikiza mwandishi ataje kazi zake. Vikundi hukubaliana kutajana. Mwaka 2018 mhariri mkuu wa jarida la Perspectives on Psychological Science alijiuzulu baada ya wenzake kulalamika, pamoja na mambo mengine, kuhusu wingi wa marejeleo aliyojipa katika maandishi yake ndani ya jarida hilohilo. Na mwaka 2023 Clarivate iliondoa kabisa hisabati katika orodha yake, kwa kuwa ni eneo dogo ambamo michezo ya aina hii hupotosha matokeo kwa urahisi.

Kujirejelea si dhambi kwa kila hali. Mtu aliyefuata swali moja kwa miaka 15 hana budi kutaja hatua zake za nyuma. Uliza ni sehemu gani ya jumla yake, na kama wenzake wa tawi lile wako hivyohivyo.

Makala yenye waandishi 80 inahesabiwaje?

Kwa kawaida kila mmoja wao hupewa marejeleo yote. Aliyebuni jaribio na aliyekusanya data katika kituo kimoja wanapata sawa. Baadhi ya vipimo hugawanya kwa idadi ya waandishi, lakini wasifu nyingi za mtandaoni hazifanyi hivyo.

Ile "orodha ya Stanford ya asilimia 2" ni kitu gani?

Ni kanzidata iliyoandaliwa na John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake kwa kutumia data za Scopus. Si tuzo ya chuo hicho, wala hakuna kamati iliyokaa kumchagua mtu. Hutumia alama inayounganisha vipimo sita: jumla ya marejeleo, h, h iliyorekebishwa kwa wingi wa waandishi, na marejeleo ya makala ambazo mtu alikuwa mwandishi pekee; pekee au wa kwanza; na pekee, wa kwanza au wa mwisho. Ina jedwali la maisha yote ya kazi na jedwali la mwaka mmoja, na inaonyesha matokeo pamoja na kujirejelea na bila kujirejelea.

Naiheshimu kwa uwazi wake. Lakini mtu akikuambia yumo, muulize yumo katika jedwali lipi. La mwaka mmoja na la maisha yote ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kipimo cha athari cha jarida kinasema nini kuhusu mtafiti?

Karibu hakuna. Ni marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, kugawanya kwa idadi ya makala hizo. Makala chache hubeba sehemu kubwa ya marejeleo, na nyingi ziko chini ya wastani. Kuchapisha hapo hakukupi wastani wa jarida.

Nani hukosekana kwenye orodha hizi?

Wa kwanza ni wanaoandika kwa lugha zisizo Kiingereza. Majarida yao mengi hayamo katika kanzidata kubwa, kwa hiyo wanaposomwa na kutajwa, hakuna anayehesabu. Hili linaungana na tatizo la sampuli: Jeffrey Arnett alionyesha mwaka 2008 kwamba katika majarida sita makuu ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, asilimia 96 ya sampuli zilitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, na asilimia 68 Marekani peke yake. Anayechunguza watu wengine wa dunia anaambiwa mada yake ni "ya eneo", huku utafiti wa wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani ukipita kama habari ya binadamu wote. Marejeleo hufuata mkondo huo.

Wanawake waliobadilisha jina la ukoo katikati ya kazi nao huweza kugawanywa kuwa watu wawili, kila mmoja na nusu ya namba. Kuna pia waliofanikiwa mno: wazo likishakuwa maarifa ya kila mtu, watu huacha kutaja chanzo. Robert Merton, mwanasosholojia, aliliona hilo, na ndiye pia aliyeeleza mwaka 1968 jinsi mwenye jina anavyozidi kuongezewa sifa na asiye nalo anavyosahauliwa hata kazi zao zikilingana.

Kamati yetu inalazimika kutumia namba. Tufanyeje?

Tumieni, lakini zisitangulie. Tamko la San Francisco juu ya tathmini ya utafiti, lililoandaliwa mwishoni mwa 2012, linataka vipimo vya majarida visitumike kuamua ajira na kupandishwa vyeo. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 ina kanuni kumi, na ya kwanza ni kwamba namba zisaidie uamuzi wa wataalamu, zisiuondoe.

Kwa vitendo: mwombeni kila mwombaji achague kazi zake tatu na aeleze kila moja imeleta nini. Zisomeni kabla ya kufungua wasifu wa mtandaoni. Kisha tazameni namba, mkitaja kanzidata na tarehe, na mkilinganisha watu wa tawi moja na umri mmoja wa kazi. Namba ikipingana na mlichosoma, fungueni makala zinazomrejelea mkaangalie zinasema nini. Ulizeni pia kama data zake ziko wazi na kama matokeo yake yamewahi kurudiwa na watu wengine. Kazi hii inachukua siku nzima. Anayengoja jibu ameweka miaka ya maisha yake kwenye faili lile.

Natafuta msimamizi wa shahada ya uzamivu. Niangalie h yake?

Iangalie dakika moja, kisha soma makala zake mbili za karibuni, na uone kama wanafunzi wake ni waandishi wa kwanza katika baadhi yake. Waandikie waliomaliza chini yake. Mwenye h ya 90 na wanafunzi 14 anaweza asikumbuke mada yako.

Wasifu wangu una makosa. Nianzie wapi?

Fungua namba ya ORCID, yaani namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, ambayo ni bure, na uitumie kila unapowasilisha makala. Kwenye Google Scholar ondoa kazi zisizo zako, hata kama zinakuongezea namba, na unganisha nakala mbili za makala moja. Scopus na Web of Science zina fomu za kuomba marekebisho: ambatisha orodha ya machapisho yako na majina yote uliyowahi kuyatumia.